Mwongozo wa Kuzikusanya Anwani Nyingi Katika Sanduku Moja

Mtu aishiye Bugarama, katika tambarare ile ya mpunga ambako maji ya Ruhwa huingia katika Rusizi na mipaka ya nchi tatu, Rwanda, Burundi na Kongo, hukutana, ni nadra kuwa na anwani moja tu ya barua pepe, wala hana sababu ya kuona haya kwa jambo hilo; maana mahali hapa mtu yule yule asubuhi ni katibu wa ushirika wa wakulima, adhuhuri ni mfanyabiashara mwenye mteja Kamanyola na mdaiwa Uvira, na jioni ni mzazi angojaye habari za mtoto aliye chuoni Huye, na kila nafasi katika hizo ilimzalia anwani yake kwa wakati wake na kwa haja yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Madhumuni yake si kumshurutisha azifute anwani alizo nazo, bali kumwonyesha namna ya kuzifanya zote zifikie katika sanduku moja ambalo hulifungua mara moja na kwa neno moja la siri. Na zaidi ya hayo, kwa kuwa kupokea ni kazi nyepesi na kujibu ndiko kwenye mitego, kumwonyesha jinsi ya kuijibu kila barua kwa jina lile lile ambalo iliandikiwa.

Kabla hujaigusa kompyuta, ndugu msomaji, twaa karatasi na kalamu ukaziandike anwani zako zote, hata zile ulizozisahau nusu. Ikiwa umri wako umepita miaka arobaini, ya kwanza yamkini itakuwa inaishia na yahoo.fr, kwa kuwa katika miaka ya 2000 mtu wa Kamembe, wa Bukavu au wa Bujumbura alipoketi mara ya kwanza katika duka la intaneti, akilipia kwa dakika, lugha iliyokuwa mbele yake aghalabu ilikuwa Kifaransa na Yahoo ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa jirani. Ya pili itakuwa ya Gmail, nayo huenda hukuitafuta kwa hiari yako, bali ilikujia pamoja na simu, maana simu ya Android haikuruhusu kuchukua programu katika duka lake mpaka uwe na akaunti ya Google. Ya tatu itakuwa ya kazi au ya ushirika, yenye jina la kikoa chake, labda kile cha Rwanda kinachoishia na .rw. Ya nne itakuwa ile uliyoifungua kwa haraka siku moja ili upeleke maombi fulani, ukaipa jina la utani ambalo leo usingependa mnunuzi alione.

Mbele ya kila anwani andika mambo manne: ni nani wanaoitumia kukuandikia, imeandikishwa katika ofisi gani, kama vile Mamlaka ya Mapato, Irembo (tovuti ya huduma za serikali), benki au shule ya watoto, inalindwa na namba gani ya simu, na kama neno lake la siri bado unalikumbuka. Ichunguze hasa ile ambayo muuza simu alikufungulia dukani kwake siku uliyonunua simu, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye aliyelibuni neno la siri, na pengine namba inayoilinda ni yake yeye. Anwani ya namna hiyo hujaimiliki bado. Badilisha neno la siri, badilisha na namba, ndipo uihesabu kuwa ni yako.

Baada ya hapo chagua moja iwe sanduku kuu. Usiichague ya kazini, hata ikiwa ndiyo unayoifungua mara nyingi kuliko zote, kwa kuwa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, au wa hospitali, au wa shirika lolote, siku atakapotoka kazini ataiacha anwani mlangoni pamoja na kitambulisho, na kila barua yake ya faragha iliyokuwa ndani yake itabaki huko. Wala usichague yoyote kwa sababu ya ukongwe wake tu. Chagua ile ambayo unaweza kukaa nayo maisha yako yote, na ambayo mwenyeji wake huruhusu mtu kuandika kwa majina mengi akiwa ndani ya nyumba moja. Mimi nitatoa mifano yangu kwa Gmail, si kwa kuisifu kupita wenzake, bali kwa sababu msomaji wa Bugarama karibu hakika anayo tayari katika simu yake, na kwa sababu hukubali kutuma barua kwa anwani nyingine hadi 99, idadi ambayo sidhani mtu mwenye akili timamu ataifikia. Lakini fahamu kwamba nafasi yake ya bure ni gigabaiti 15, na nafasi hiyo si ya barua peke yake. Picha zako na hata nakala za mazungumzo ya WhatsApp huhesabiwa humo humo, na nafasi ikijaa barua mpya hazipokelewi, bali hurudishwa kwa aliyezituma. Basi anayetaka kuifanya Gmail yake kuwa lango la biashara, na aanze kwa kuziondoa video za harusi.

Njia za kuzileta barua katika sanduku kuu zilikuwa mbili, na kwa ajili ya mabadiliko yaliyotokea karibuni ni lazima nizitofautishe. Ya kwanza ni kuvuta: sanduku kuu hupewa neno la siri la sanduku dogo, likawa linakwenda kila baada ya muda kuangalia kama kuna barua na kuzichukua, kama vile mtu anavyompa jirani yake ufunguo wa sanduku la posta la Kamembe ili akienda mjini ampitie. Ya pili ni kupeleka mbele: sanduku dogo lenyewe huamriwa kwamba kila barua iingiayo itumwe mara moja kwa sanduku kuu, pasipo neno la siri kumfikia mtu mwingine. Miaka mingi watu walipendelea kuvuta, kwa kuwa mipangilio yake ilikuwa mahali pamoja. Walakini Google ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 Gmail inaacha kuvuta barua za sanduku la mwenyeji mwingine kwa njia hiyo ya zamani iitwayo POP. Kwa hiyo ukiona mwongozo wa kale unaokuambia uingie katika mipangilio ukatafute mahali pa kuangalia barua za akaunti nyingine, uache. Jenga mambo yako juu ya kupeleka mbele.

Kwa anwani nyingine ya Gmail, au ya Outlook, kazi hii ni ya muda mfupi. Ingia katika sanduku dogo kwa kivinjari cha kompyuta, kwa maana programu ya Gmail ya simu haina mlango huo. Na kama huna kompyuta nyumbani, saa moja katika duka la intaneti au ofisini kwa rafiki yatosha, ilimradi ukumbuke kutoka kabisa ukimaliza na usikubali kivinjari kihifadhi neno lako la siri. Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya kupeleka barua mbele, andika anwani ya sanduku kuu. Hapo Gmail haitakuamini kwa maneno yako. Itatuma namba ya kuthibitisha katika sanduku kuu, ili pasitokee mtu akaelekeza barua za mwenzake kwake mwenyewe kwa hila. Ukiirudisha namba hiyo, utaulizwa nini kifanywe kwa nakala inayobaki: ifutwe au ihifadhiwe. Jibu kwamba ihifadhiwe, angalau kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu barua ikipotea njiani utapata pa kuitafuta.

Yahoo ni mgonjwa wa namna yake. Tangu tarehe 1 Januari 2021 haikubali tena kupeleka barua mbele kwa mtu asiyelipa, na kwa kuwa kuvuta nako kumefungwa, aliye na yahoo.fr ya miaka ishirini amebakiwa na njia ya kando: aiongeze akaunti hiyo katika programu ya Gmail ndani ya simu yake, mahali pa kuongeza akaunti, kisha achague mwonekano unaoonyesha vikasha vyote kwa pamoja. Huko barua za Yahoo na za Gmail zitaonekana katika orodha moja, ingawa kila moja imekaa katika nyumba yake, na barua ya Yahoo ukiijibu itajibiwa kwa jina la Yahoo bila ya wewe kuagiza. Si mkusanyo kamili, nakiri, maana ukifungua Gmail katika kompyuta hutaziona. Kwa hiyo nasaha yangu kwa mwenye yahoo.fr ni kwamba aihame polepole: aweke ndani yake jibu la kujituma lenyewe, la mistari miwili, la Kifaransa na la Kiswahili, likimwarifu kila aandikaye anwani mpya, na zile ofisi alizoziandika katika karatasi yake, aziendee moja baada ya nyingine kubadilisha. Asiifunge. Binamu aliye Ubelgiji ataandika huko huko baada ya miaka mitatu ya kimya, na barua ya binamu huyo huenda ikawa ndiyo pekee iliyomfaa mwaka ule.

Anwani ya ushirika au ya duka, yenye kikoa chake, hukaa aghalabu katika seva ya kukodi, ambayo mwenyewe huiendesha kwa ukurasa wa cPanel na barua zake husomwa kwa Roundcube. Ndani ya cPanel iko sehemu ya kuelekeza barua. Hapo huandikwa anwani ya ushirika upande mmoja na sanduku kuu upande wa pili, na kazi imekwisha. Lakini iko hatari iliyofichika, nayo huwapata watu baada ya miezi mingi, wakiwa wamekwisha sahau walivyotengeneza: nakala za barua huendelea kurundikana katika sanduku la seva ambalo hakuna tena alifunguaye, na nafasi iliyokodiwa ikijaa, mnunuzi hurudishiwa ujumbe wa kwamba sanduku limejaa, akadhani ushirika umekufa. Weka siku moja ya mwezi ya kulisafisha.

Hatari nyingine ni ya barua kutupwa katika barua taka, na sababu yake yafaa kuelezwa, kwa kuwa mtu aijuaye sababu hatangatangi. Mwenye kikoa mwenye utaratibu huwa ametangaza hadharani ni seva zipi zilizo na idhini ya kutoa barua kwa jina lake. Sasa barua ya mnunuzi wa Bukavu inapofika katika seva ya ushirika, kisha seva hiyo ikaipeleka mbele kwa Google, Google huona barua iliyobeba jina la mnunuzi ikiletwa na seva ambayo mnunuzi hakuitaja kamwe, na haina budi kushuku. Kinachoiokoa ni muhuri wa siri ambao seva ya mwanzo hutia ndani ya barua, na ambao hukaa salama maadamu hakuna aliyebadilisha maneno yake njiani. Walakini si kila mtu atumaye barua ana muhuri huo, hata baada ya Google na Yahoo kuyakaza masharti yao Februari 2024. Kwa hiyo kila wiki pitia barua taka za sanduku kuu, na kila unapomkuta humo mtu mwema, mtangaze kuwa si taka. Unaweza pia kuunda kichujio kinachosema kwamba barua yoyote iliyoelekezwa kwa anwani ya ushirika isitupwe huko kamwe, ila uitumie amri hiyo kwa tahadhari, kwa kuwa utawafungulia mlango na matapeli.

Sasa nafika katika kujibu, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Tuseme mfanyabiashara wa Bukavu, ambaye huenda hata hajapata kukuona kwa macho, ameandika kwa anwani ya ushirika akiulizia tani tano za mchele. Barua imekufikia katika sanduku kuu, umeifurahia, ukaijibu papo hapo kwa simu ukiwa sokoni. Asiyetengeneza mambo yake atakuwa amemjibu kwa anwani yake ya binafsi, pengine ile yenye jina la utani, na ndani ya jibu ameandika bei na namba ya akaunti ya benki. Yule mfanyabiashara, ambaye amekwisha sikia habari za matapeli wanaojipenyeza katikati ya mazungumzo ya biashara na kuibadilisha namba ya akaunti, ataona kwamba aliandika kwa ushirika akajibiwa na mtu asiyemjua. Akiwa mwerevu hatalipa, na asipokuwa mwerevu atakuwa amejizoeza kulipa kwa anwani ngeni, ambayo ni hasara kubwa zaidi kwa nyote wawili. Katika biashara ya mpakani, ambapo sheria za nchi moja hazimfikishi mdai mbali katika nchi ya pili, uaminifu wa jina ndio dhamana.

Dawa yake ni kulisajili kila jina katika sanduku kuu. Katika mipangilio ya Gmail, kwenye kompyuta, iko sehemu ya akaunti ambamo huongezwa anwani nyingine za kutuma barua kwazo. Utaandika jina litakaloonekana, kisha anwani, halafu utaulizwa seva ya kutoa barua, namba ya poti, jina la mtumiaji na neno la siri. Maelezo haya ya ushirika utayapata kwa aliyewakodisha seva; poti huwa 465 au 587. Usitafute njia ya kukwepa seva hiyo, kwa sababu ile ile niliyoieleza juu ya idhini: barua ya ushirika isipotoka katika seva iliyotangazwa na ushirika, itashukiwa iendako. Yahoo, kwa upande wake, haitakubali neno lako la kawaida. Itakubidi uingie katika ukurasa wake wa usalama ukaombe neno la siri la programu, lililoundwa kwa kazi hiyo moja, ambalo waweza kulifuta wakati wowote pasipo kuligusa lile la asili. Ukimaliza, namba ya kuthibitisha itatumwa kwa anwani inayosajiliwa, nayo, kwa kuwa umekwisha ielekeza, itakuja katika sanduku kuu mbele ya macho yako; ile ya Yahoo tu utaisoma katika programu ya simu, kwa kuwa Yahoo haielekezwi. Hii ndiyo sababu nimetanguliza kupokea kabla ya kutuma.

Halafu, na hili ni mstari mmoja tu katika mipangilio lakini una thamani kuliko yote yaliyotangulia, chagua kwamba jibu litoke kwa anwani ile ile iliyopokea barua. Gmail usipoiagiza hivyo hutumia daima anwani yako ya msingi, na ndipo watu wanapoaibika. Hata baada ya kuchagua, barua mpya unayoianza wewe bado itatoka kwa anwani ya msingi mpaka uibadilishe kwa mkono katika mstari wa mtumaji. Basi jizoeze kuutazama mstari huo kabla ya kumtazama mpokeaji.

Kila jina lipewe na saini yake. Gmail hukubali saini kadhaa, kila moja ikifungamanishwa na anwani yake, na hapa mkazi wa Bugarama ana fursa ambayo mtu wa mji wa lugha moja hana. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo saini ya ushirika iandikwe Kinyarwanda na Kiswahili, maana wasomaji wake wako pande zote za mto. Saini ya biashara yako iwe Kiswahili na Kifaransa, kwa ajili ya Kamanyola, Uvira na Bukavu. Na ya faragha iwe jina lako tu, kwa kuwa shangazi hahitaji kusomewa cheo. Katika namba za simu andika daima tarakimu za nchi, +250, kwa sababu mtu aliye ng'ambo ya Rusizi akipiga namba bila hizo atampata Mkongo asiyehusika, au asimpate yeyote.

Juu ya kuzipanga barua zikishafika sina maneno mengi. Unda lebo moja kwa kila anwani, ipe rangi, kisha unda kichujio kinachotazama barua imeelekezwa kwa nani na kuibandika lebo yake. Lebo nne zatosha. Nimeona watu waliounda lebo kwa kila mteja, kila msimu wa mavuno na kila aina ya mchele, na mwisho wake wakawa wanatafuta kwa kuandika jina katika kisanduku cha kutafutia, ambacho kingewatosha tangu mwanzo.

Pengine utaona kwamba hukuhitaji anwani mpya hata kidogo. Gmail huhesabu kuwa ni yako kila anwani yenye jina lako lililofuatwa na alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya alama ya @. Ukiweka neno mchele, au shule, au maombi, barua itakufikia pale pale, na kichujio kitaitambua kwa neno hilo. Yako maduka na ofisi ambazo fomu zake huikataa alama hiyo, lakini pale inapokubaliwa huonyesha waziwazi ni nani aliyeiuza anwani yako kwa watangazaji.

Anwani ya ushirika yataka maneno ya ziada, kwa sababu si ya mtu. Viongozi hubadilika, katibu wa leo ni mwanachama wa kawaida kesho, na desturi mbaya iliyoenea ni kupokezana neno la siri kwa mdomo, hata likajulikana na makatibu watatu wa zamani, mwana wa mmoja wao, na fundi wa kompyuta. Kama anwani ya ushirika ni ya Gmail, iko njia yenye adabu zaidi: mwenye akaunti huwaruhusu watu hadi kumi waingie, kila mtu kwa akaunti yake mwenyewe, wasome na wajibu kwa jina la ushirika pasipo kulijua neno la siri, na siku uchaguzi ukipita ruhusa ya aliyeondoka hufutwa kwa kubofya mara moja. Kama ni ya kikoa na imeelekezwa katika sanduku lako la binafsi kwa kuwa wewe ndiwe katibu, basi halmashauri na iandike katika kumbukumbu za kikao kwamba imekuidhinisha, na siku utakapotoka uuondoe mwelekeo huo kwa mkono wako mbele ya atakayekurithi, ukafute pia jina la ushirika katika orodha ya majina unayotumia, na neno la siri la seva libadilishwe.

Nasema hivyo si kwa adabu tu. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha, nambari 058/2021, ya tarehe 13 Oktoba 2021, na orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho, ukubwa wa mashamba na akaunti za benki ni amana ambayo sheria hiyo inaitazama. Orodha ya namna hiyo isikae katika sanduku la faragha la mtu mmoja baada ya kazi yake kwisha. Kadhalika mwajiriwa wa kampuni asielekeze barua za kazini nyumbani kwake bila ruhusa ya mwajiri, hata kama mtambo unamruhusu; kampuni nyingi zimeufunga mlango huo, na zisizoufunga hazijatoa idhini kwa kunyamaza.

Limebaki jambo la ufunguo, na ukishazikusanya barua zote katika sanduku moja umezikusanya pia hatari zote mahali pamoja, maana atakayeliiba hilo moja ameiba yote. Liwekee ulinzi wa hatua mbili, ambapo baada ya neno la siri huhitajika uthibitisho wa pili. Watu wengi huchagua uthibitisho uje kwa ujumbe wa simu, na hapa kwetu ndipo tatizo linapozaliwa. Mtu wa Bugarama huwa na laini ya Rwanda kwa nyumbani, laini ya Kongo kwa kuwa Kamanyola iko ng'ambo ya mto, na wakati mwingine laini ya Burundi yenye +257 iliyolala ndani ya droo tangu safari zilipokatika. Na sanduku alilolifungua siku akiwa Bukavu bado linalindwa na ile ya +243. Laini isiyotiwa salio muda mrefu hufungwa, na kampuni za simu huzigawa upya namba zilizolala, hata ukakuta ufunguo wa barua zako uko mfukoni mwa mtu usiyemjua. Zaidi ya hayo, simu iliyo karibu na mto huweza kunasa minara ya upande wa pili bila ya mwenyewe kutaka, na ujumbe wa namba za siri ukachelewa ama usifike.

Kwa hiyo rudi katika karatasi yako, safu ile ya namba za simu, na kila anwani uifungamanishe na laini moja tu, ile ambayo hukosi kuitumia kila siku. Kisha uweke katika simu programu inayozalisha namba za uthibitisho yenyewe, isiyohitaji mnara wala salio, na mwisho uchukue namba za akiba, ambazo Google hukupa kumi, kila moja ya kutumiwa mara moja. Zichapishe, uzihifadhi pale unapohifadhi hati ya ardhi, wala usizipige picha ukaziacha katika simu ile ile itakayoibiwa. Anwani ya kurejeshea akaunti isiwe ile ya kazini, kwa sababu niliyoitaja, wala isiwe moja ya anwani ndogo ambazo barua zake huelekezwa katika sanduku hilo hilo kuu, maana sanduku likifungwa hata namba ya kulifungulia itakuwa imefungiwa ndani. Iwe ya mwenzi wako, au ya ndugu umwaminiye.

Anwani ndogo nazo hazitaki kusahauliwa kabisa. Google huweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, na Yahoo ina muda mfupi zaidi, wa miezi kumi na miwili. Na barua zinazopita tu kwenda mbele zisichukuliwe kuwa ni matumizi. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, labda baada ya kila mavuno ya mpunga, ingia katika kila moja kwa mlango wake, usome barua moja, utoke.

Kisha ufanye jaribio. Mwombe rafiki, akiwa na simu yake mkononi, aiandikie kila anwani iliyo katika karatasi barua ya neno moja. Ngoja zifike, tazama kama zimebandikwa lebo zake au zimeangukia katika barua taka, uzijibu zote ukiwa katika sanduku kuu, halafu usimame begani pake ukatazame, jibu baada ya jibu, ni jina gani lililotokea juu ya kila moja. Pale utakapoona jina lisilo lake, rudi katika orodha ya majina uliyoyasajili, kwa kuwa hitilafu hiyo karibu daima iko hapo, wala haiko katika simu ya rafiki yako.